Nyumba Isiyo na Moshi

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikakuta 490,120. Katika miaka kumi mji uliongezeka zaidi ya maradufu, mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, na ploti zikaota gorofa. Leo katika gorofa moja ya Kihunguro au Kimbo unaweza kukuta jirani wa kushoto katoka Kisii, wa kulia Machakos, wa juu Siaya, na mwenye nyumba Murang'a. Watoto wao hucheza pamoja kwenye ngazi na huzungumza Kiswahili. Wengi hawajalala hata usiku mmoja chini ya paa la nyasi, na baadhi ya wazazi wao vilevile.

Kwa familia kama hizo, safari ya siku moja kwenda makumbusho ya wazi ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Makumbusho ya wazi ni yale ambayo vitu vyake si vyungu na mikuki iliyofungiwa kwenye kabati za kioo, bali nyumba zenyewe, zimesimama nje juani na mvuani, na mgeni huinama akaingia. Kwa mkazi wa Thika au Ruiru, yaliyo karibu zaidi kwa jina na kwa umaarufu ni Bomas of Kenya, Lang'ata. Matatu hushuka na barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, mpaka katikati ya Nairobi. Kutoka hapo unapanda zile za Rongai na kuteremka baada ya kilomita kumi hivi, jirani na lango la mbuga ya wanyama ya Nairobi.

Serikali ilianzisha Bomas mwaka 1971, chini ya shirika lake la kuendeleza utalii. Kuna ukumbi wa ngoma wenye nafasi ya watu wapatao 3,500, na nje yake maboma ya jamii mbalimbali: Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Wamijikenda, Wataita, Wamaasai, Wakalenjin, Waluhya na wengine. Wakenya wengi, hata hivyo, walilizoea jina hilo kwa mambo mengine kabisa. Mkutano wa kitaifa wa katiba ulikaa humo mwaka 2003 na 2004, na matokeo ya urais ya 2013, 2017 na 2022 yalitangazwa humo. Ukumbi umepata sifa zake. Mimi nataka kuzungumzia nyumba za nje, kwa sababu ndizo zinazobeba elimu ambayo hatuna pengine pa kuipata tena kwa urahisi.

Niliwahi kuwapeleka wapwa zangu wawili, watoto wa Ruiru, katika kijiji kimoja cha namna hii. Tukaingia katika nyumba ya mviringo. Mvulana akatazama juu, akifuata kwa macho jinsi fito zinavyokutana kileleni. Msichana, mwenye miaka tisa wakati huo, alisimama karibu na mafiga matatu yaliyopangwa katikati ya sakafu, akavuta pumzi puani, akaniuliza, akikumbuka jiko la bibi yake: "Mjomba, mbona kwa cucu jikoni kunanuka moshi na hapa hakunuki?"

Sikumjibu vizuri siku hiyo. Jibu lenyewe ni refu, na ndilo lililonifanya nianze kuzitazama nyumba hizi kwa jicho lingine.

Unyasi mmoja hauzuii maji. Paa la nyasi huzuia maji kwa mambo mawili: mwinamo na tabaka. Paa likiinama vya kutosha, tone la mvua huteleza kutoka unyasi hadi unyasi na kufika ukingoni kabla halijapata muda wa kuzama. Nyasi za juu tu ndizo zinazolowa. Zilizo chini yake hubaki kavu mvua ikiisha. Ndiyo maana fundi huanza kuezeka ukingoni na kupanda kuelekea kileleni, kila safu ikifunika kamba za safu iliyotangulia, kwa sababu kamba ikipigwa na mvua huoza kabla ya nyasi, na paa lote huanza kuteremka. Mtu akitaka kupima ubora wa kazi, asitazame nje ambako nyasi zimechanwa zikapendeza. Aingie ndani, atazame juu: akiona mwanga, maji nayo yataiona njia hiyohiyo.

Hata paa lililoezekwa vizuri lina maadui, nao ni unyevu, kuvu, mchwa na wadudu wengine watoboao fito. Hapa ndipo moto wa mafiga unapoingia. Nyumba hizi hazina dohani. Moshi hupanda, hujaa chini ya paa, kisha hupenya taratibu kati ya nyasi na kutoka nje. Mtu aliye mbali huona paa lote likifuka asubuhi. Katika kupenya huko joto hukausha nyasi kwa ndani, na masizi na utomvu wa moshi hupaka fito na kamba ngozi nyeusi inayong'aa ambayo wadudu hawaipendi. Mama aliyekuwa akipika uji na githeri, bila kupanda ngazi, alikuwa akihifadhi paa lake kila siku.

Ushahidi wa nguvu ya moshi haupo Afrika Mashariki peke yake. Huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna nyumba za mashambani za enzi za kati ambazo zilikuwa na moto sakafuni bila dohani, kama zetu. Tabaka la chini kabisa la mapaa yao, jeusi kwa masizi, lingalipo hadi leo baada ya zaidi ya miaka 450, likiwa limefunikwa na matabaka mapya yaliyoongezwa juu yake. Wataalamu wa mimea huchambua mabua hayo ili kujua ni ngano ya aina gani iliyolimwa wakati huo.

Sasa fikiria nyumba ya makumbusho. Imejengwa kwa vipimo sahihi, na mafundi wanaojua kazi, halafu imekabidhiwa kwa mkazi asiyekuwepo. Hakuna anayepika, anayefagia alfajiri, anayegundua kwamba mchwa wameanza kupanda nguzo ya mlangoni, wala anayekandika ufa mdogo kabla mvua za masika hazijaufanya mkubwa. Nyumba ya udongo na nyasi ilibuniwa kwa kudhani kwamba kuna mtu ndani. Ukimwondoa mtu huyo, umeondoa sehemu ya jengo, kama vile umeng'oa nguzo.

Hapo mwenye makumbusho ana njia chache. Anaweza kupaka mbao dawa ya kuua wadudu, kuficha sementi chini ya udongo na mabati chini ya nyasi, na mgeni asitambue; nyumba itadumu, lakini atakachokuwa anakihifadhi ni sura tu. Anaweza kuiacha ichakae na kuijenga upya kila baada ya miaka kadhaa. Au anaweza kumwajiri mtu wa kuwasha moto humo mara kwa mara chini ya uangalizi, na ndoo za maji mlangoni. Mimi naiunga mkono njia ya tatu kwa moyo wote, kwa sababu haihifadhi paa tu. Mtoto wa Ruiru akiingia akakuta macho yanamwasha na nguo zinashika harufu, ataelewa kwa nini bibi yake aliketi kwenye kigoda kifupi: hewa safi ilikuwa chini. Ataelewa pia madhara ya moshi huo kwenye kifua cha bibi yake, jambo ambalo nyumba isiyo na moshi haiwezi kumfundisha.

Mtindo huu wa makumbusho ulizaliwa kwenye baridi. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, Uswidi, wakati viwanda vilikuwa vinawavuta watu kutoka mashambani na nyumba za kale za magogo zikibomolewa. Alizinunua, akazifungua gogo kwa gogo, akazipanga upya kilimani. Wazo lilienea mpaka jina Skansen likawa, katika baadhi ya lugha za Ulaya, neno la kawaida la makumbusho ya wazi. Hapo ndipo ugumu wetu unapoanza, kwa kuwa nyumba ya magogo huhamishika. Nyumba ya udongo haihamishiki. Ukiibomoa ukaipakia lori, unachoshusha mwisho wa safari ni udongo. Kwa hiyo makumbusho ya Uswidi yalikusanya nyumba, nayo ya Afrika Mashariki yakalazimika kukusanya wajenzi.

Dar es Salaam ililifanya hilo mapema. Kijiji cha Makumbusho, tawi la Makumbusho ya Taifa la Tanzania, kilianzishwa mwaka 1966 kwenye barabara ya Bagamoyo, na nyumba zake zikajengwa kwa ufundi wa jamii zenyewe. Humo utaona tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo, jibu la kueleweka kwa nchi ya Dodoma yenye mvua haba. Utaona nyumba ya Wahaya, ambapo nyasi zinashuka kutoka kileleni hadi chini na ukuta haupo wa kuonekana, kwa sababu Bukoba mvua haina mzaha. Mji umekizunguka kijiji hicho, mpaka mtaa na stendi ya daladala vikaitwa Makumbusho. Kisumu nayo, katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, ina boma kamili la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala: nyumba za wake watatu wa mwanamume mmoja wa kubuni, na ya mwanawe wa kwanza.

Boma hilo la Kisumu linafundisha jambo ambalo nyumba moja moja haiwezi. Katika dala, yaani boma la Kiluo, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazama lango. Za wake wengine hupangwa kwa utaratibu unaojulikana pande zake mbili, na simba, yaani nyumba ya mwana wa kiume, hujengwa karibu na lango. Mpangilio huo si wa kupendeza macho. Ni sheria ya familia iliyoandikwa ardhini: nani alitangulia, nani atarithi wapi, nani ataondoka kwenda kuanzisha boma lake. Mzee wa Siaya akisimama langoni anausoma kama wakili anavyosoma hati. Kwa hiyo kilicho muhimu kinaweza kuwa ule uwanja mtupu kati ya nyumba na nyumba, na nafasi ikibanwa ili maboma mengi yatoshe kwenye ekari chache, sheria hiyo ndiyo inayofutika kwanza.

Kwa Wakikuyu, ambao ndio wenyeji wa nchi inayozunguka Thika, mgawanyo ulikuwa kati ya thingira, nyumba ya mwanamume alipopokelea wageni, na nyumba, ya mwanamke, ambayo kwa Kikuyu pia huitwa nyũmba, nako pembeni maghala ya nafaka. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, alieleza nyumba za mviringo zenye kuta za mbao na paa la nyasi, na jinsi ilivyopasa nyumba ijengwe na kumalizwa kwa siku moja, moto ukawashwa humo kabla ya usiku. Wanaume walishughulikia miti, wanawake walileta nyasi. Hebu fikiria maana yake kwa vitendo. Ili nyumba isimame kati ya macheo na machweo, vifaa vyote lazima viwe vimekusanywa siku nyingi kabla, na majirani wawe tayari kuja siku hiyohiyo. Siku ya kujenga ilikuwa kipimo cha hadhi ya mtu kwa jirani zake. Makumbusho huonyesha nyumba iliyomalizika. Siku yenyewe ya kuijenga, ambayo ndiyo kiini cha mambo, haionekani.

Wajapani walilitatua tatizo hili kwa namna inayostahili kuigwa. Hekalu la Ise hujengwa upya kila miaka 20 kwa mbao mpya, kando ya lile la zamani. Mara ya karibuni ilikuwa 2013. Kijana anayebeba mbao katika ujenzi mmoja huwa fundi katika unaofuata na mzee msimamizi katika wa tatu. Jengo ni jipya daima, ujuzi ndio wa kale. Paa letu la nyasi linadai mzunguko mfupi kuliko huo, na badala ya kuuona mzunguko huo kama gharama ya matengenezo, naona makumbusho yangepaswa kuufanya ndio maonyesho yenyewe: siku ya kuezeka itangazwe, shule zialikwe, watoto wapewe kamba wafunge.

Kuna pengo jingine, nalo linawahusu watu wa Thika na Ruiru kwa karibu zaidi. Vijiji vya makumbusho hutuonyesha boma la kale, kisha huruka moja kwa moja hadi gorofa tulimotoka asubuhi. Katikati kuna miaka sitini au sabini ambamo watu wa eneo hili waliishi katika nyumba ambazo hakuna aliyezihifadhi.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kuizunguka yakaenea mashamba makubwa ya walowezi, kahawa na katani. Waliofanya kazi humo waliishi katika laini, safu ndefu za vyumba vilivyounganishwa, kila familia na mlango wake mmoja, bomba la maji mwisho wa safu. Katika laini hakuna thingira wala nyumba. Baba, mama na watoto wa rika zote walikutanishwa ndani ya chumba kimoja, na desturi iliyotenga malazi yao ikalazimika kutafuta mapazia. Mtu akitaka kuelewa jinsi familia ya Kiafrika ilivyobadilika, chumba cha laini kitamweleza mengi kuliko boma. Ni nyumba ya watu wa makabila mengi waliokuwa majirani kwa mara ya kwanza, miaka mingi kabla ya gorofa za Kihunguro.

Halafu kikaja kipindi cha Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakipambana na wapiganaji wa msituni. Kati ya 1954 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu kutoka maboma yao yaliyotawanyika vilimani, ikawaweka katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki na kulindwa kwa bunduki. Nyumba walizoziacha zilibomolewa au kuchomwa moto. Katika vijiji hivyo watu, wengi wao wanawake kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini au msituni, walijenga kwa haraka, kwa amri, nyumba zikisongamana kwa mistari iliyopimwa na ofisa. Ndani ya muda usiozidi miezi kumi na minane, mpangilio wa boma la Kikuyu uliokuwa umedumu vizazi ulivunjwa. Walioruhusiwa baadaye kurudi kwenye mashamba yaliyopimwa upya walijenga nyumba za pembe nne, na kadiri pesa zilivyopatikana, wakaezeka mabati.

Kwa hiyo mtoto wa Murang'a anayeambiwa ndani ya kijiji cha makumbusho kwamba "hivi ndivyo babu zako walivyoishi" anaambiwa ukweli nusu. Babu yake hakuamka siku moja akaona mabati ni bora. Kabla ya mabati kulikuwa na moto wa askari. Naamini mtoto huyo anaweza kuubeba ukweli huo, tena anauhitaji, na hakuna mahali pa kumwonyesha pazuri kuliko nyumba ya kijiji cha Hali ya Hatari iliyojengwa kwa vipimo vyake halisi, handaki lake kando, na hatua chache kutoka hapo chumba cha laini chenye pazia katikati. Mahali pake ni hukuhuku. Baadhi ya laini za mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika bado zinakaliwa, nyingine zinasubiri tingatinga la mwenye ploti. Chumba cha mawe chenye paa la mabati hakihitaji moshi ili kidumu. Kinahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aamue kwamba safu moja isibomolewe.

Kwa anayepanga safari sasa, mambo mawili ya kiutendaji. Mwaka 2025 serikali ilizindua ujenzi wa kituo kikubwa cha mikutano ya kimataifa katika eneo la Bomas, kwa hiyo piga simu kwanza uulize maboma yapi yanatembelewa na ngoma zinachezwa saa ngapi. Pili, ukifika usikimbilie picha ya nje. Ingia katika nyumba moja ukae dakika kumi, na macho yakishazoea giza, tafuta kamba za kwanza kabisa, zile za ukingoni, uone zimefungwa kwa nini: gome la mti, katani au waya. Kisha mwulize anayekuongoza nani aliyezifunga na kama kuna kijana anayejifunza kwake.

Muulize pia nyasi zinatoka wapi. Nyasi za kuezekea hukatwa zikiwa zimekomaa na kukauka, wakati wa kiangazi, katika ardhi iliyoachwa bila kulimwa wala kulishwa mifugo. Mpwa wangu aliuliza swali hilo tulipokuwa tunarudi, matatu ikiikaribia Ruiru, na kwa kilomita kadhaa tulitafuta dirishani, kila mmoja upande wake, kipande cha nyasi ndefu ambacho kingetosha paa moja.